Vitabu vya mapenzi kwenye dunia katili: madogo wasome au tuwafichie?

Leo tuache kidogo siasa na mpira, tuongee vitabu. Najua kuna watu hapo wameshashika mausi wafunge ukurasa... tulieni kwanza. Dakika zako za kafe hazitaenda bure, na kama una mdogo wako wa kike anasoma sekondari, basi hii ndo ya kwako kabisa.

Ishu ilianzia nyumbani, hapa hapa Mpanda. Binti wa mama mdogo wangu, yuko fomu tu, ana miaka 14, alikutwa na kitabu chini ya mto. Jalada jeusi, katikati kuna ndege wa rangi ya dhahabu ameshika mshale ndani ya duara. Mama mdogo Kiingereza hajui, lakini ile picha ilimtosha. Akanipigia simu niende haraka.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndo uliyesoma hapa. Hebu niangalizie, hiki si kitabu cha Frimasoni hiki?"

Nikacheka, halafu nikaona yeye hacheki. Mtoto amejikunyata mlangoni, macho mekundu. Kitabu chenyewe kilikuwa The Hunger Games cha Mmarekani Suzanne Collins, kilichotoka mwaka 2008. Nikamwambia sio Frimasoni.

"Haya, kama sio Frimasoni kimeandikwa nini? Maana siku ya tatu leo mwanangu hali vizuri, taa haizimwi."

Nikavuta kigoda, tukawa tunachambua maharage huku namsimulia. Swali aliloniuliza mwisho wa simulizi ndo limenifanya niandike makala hii. Nitalifikia, msiwe na haraka.

VITABU VYENYEWE NI VYA AINA GANI

Wazungu wana jina la hadithi hizi, wanaziita distopia. Kwa lugha nyepesi, ni hadithi ya nchi ya kubuni, mara nyingi ya miaka ijayo, ambayo mambo yameharibika kabisa na watawala wanawabana watu hadi chumbani. Ukichukua hadithi ya namna hiyo ukaweka ndani yake binti wa miaka 16 au 17, ukampa mvulana mmoja au wawili wa kumpenda, unapata aina ya vitabu ninavyovizungumzia.

Kwenye The Hunger Games nchi inaitwa Panem. Kuna mji mkuu tajiri na wilaya 12 maskini zinazoulisha. Kila mwaka kila wilaya inatoa mvulana mmoja na msichana mmoja, wa miaka 12 hadi 18, kwa bahati nasibu. Jumla 24. Wanafungiwa uwanjani wauane mpaka abaki mmoja, na nchi nzima inaangalia kwenye TV. Katniss, binti wa miaka 16 kutoka Wilaya ya 12 ya wachimba makaa ya mawe, anajitolea kwenda badala ya mdogo wake wa miaka 12. Anapandishwa treni kwenda mji mkuu pamoja na Peeta, mtoto wa mwoka mikate, ambaye amempenda tangu wakiwa wadogo.

Sisi watu wa Mpanda hapo hatuhitaji kueleweshwa sana. Reli yetu inayotoka Kaliua ililetwa enzi za Mwingereza kwa sababu ya madini ya risasi, sio kwa sababu alitupenda sana. Wilaya ya pembezoni inayotoa mali na kupewa treni, tunaijua hiyo.

Baada ya kitabu hicho vingine vikamiminika. Kwenye Matched (2010) cha Ally Condie, serikali ndo inayomchagulia kila kijana mwenzi wa kuoana naye. Kwenye Delirium (2011) cha Lauren Oliver, mapenzi yametangazwa kuwa ugonjwa, na ukifikisha miaka 18 unafanyiwa upasuaji usipende tena. Kwenye Divergent (2011) cha Veronica Roth, vijana wa miaka 16 wanachagua kundi la kuishi nalo maisha yao yote. Filamu ya The Hunger Games ilipotoka mwaka 2012 ndo mambo yakawa makubwa, mpaka vibanda umiza huku kwetu ikafika. Vitabu vyenyewe vikafuata taratibu, kwa mkono wa huyu na yule, au kwenye simu.

WANAOVIPINGA WANASEMA NINI

Sio mama mdogo peke yake anayeogopa. Huko huko Marekani, Chama cha Maktaba kinatoa kila mwaka orodha ya vitabu 10 vilivyolalamikiwa zaidi, na The Hunger Games ilikuwemo mwaka 2010, 2011 na 2013. Wazazi walisema kina mauaji ya watoto, hakifai umri huo, kinapinga familia. Watawala nao wana hofu yao. Mwaka 2014 vijana wa Thailand waliopinga mapinduzi ya kijeshi walikuwa wakiinua vidole vitatu, ishara waliyoitoa kwenye hadithi hii, na mwaka 2021 vijana wa Myanmar wakafanya hivyo hivyo.

Kwetu nako hatujambo. Februari 2023 Wizara ya Elimu chini ya Waziri Adolf Mkenda ilipiga marufuku vitabu 16 mashuleni kwa hoja kwamba vinakwenda kinyume na maadili yetu. Kati ya hivyo vilikuwemo vitabu vya Diary of a Wimpy Kid vya Jeff Kinney, hadithi za kuchekesha za mtoto wa shule wa Kimarekani.

Mimi siwacheki wanaoogopa. Mzazi ana haki ya kuuliza mtoto wake anameza nini. Hoja zao nikizikusanya zinakuwa nne: damu ni nyingi, mapenzi yanaanza mapema, vijana wanafundishwa kubishana na wakubwa, na hadithi inamkatisha tamaa mtoto. Kwenye mapenzi niseme ukweli, maana nimesoma: The Hunger Games ukiitafuta habari ya kitandani huipati, utakutana na busu tu. Fungua sasa simu ya kijana yeyote hapo ulipo uone machombezo yanayozunguka kwenye magrupu. Yameandikwa juu kabisa 18+, na wasomaji wakubwa ni watoto wa fomu tu! Hayo hakuna waziri aliyeyaitia waandishi wa habari.

Nikiwa sekondari mwalimu mmoja alitunyang'anya riwaya tuliyokuwa tunaisoma kwa zamu, akaichana mbele ya darasa. Unafikiri tuliacha kusoma? Tuliacha kusoma RIWAYA. Wiki iliyofuata darasa zima tulikuwa tunasoma chombezo kwenye simu ya kuficha, na hapo hakukuwa na mtu mzima wa kutunyang'anya wala wa kutueleza chochote.

HATA SISI TUNAVYO, TENA ZAMANI

Kuna watu wanaamini hadithi za nchi zilizooza ni za Wazungu. Si kweli. Shaaban Robert aliandika Kusadikika mwaka 1951, kabla ya Uhuru. Nchi ya kubuni, watawala hawataki kuambiwa, na kijana Karama anashitakiwa kwa sababu anataka watu wafundishwe sheria. Anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe waliotumwa nchi za mbali kutafuta mema, na kila aliyerudi akaadhibiwa. Kama hiyo sio distopia sijui ni nini. Jirani zetu Wakenya nao wana Walenisi ya Katama Mkangi, ya mwaka 1995, ambamo Dzombo anahukumiwa kifo kwa kuwapinga watawala, anarushwa kwenye chombo na kutua kwenye dunia nyingine.

Na ya mapenzi ndani ya dunia katili? Waliosoma fomu three na fomu foo wanaikumbuka Takadini ya Ben Hanson. Jamii ina desturi kwamba mtoto aliyezaliwa na ualbino asiishi. Mama yake, Sekai, anakimbia naye kumwokoa. Mtoto anakua, na binti anayeitwa Shingai anampenda, wakati baba yake Shingai hataki hata kumsikia. Chukua Takadini, ibandike jalada jeusi na ndege wa dhahabu, kesho itaitwa ya Frimasoni. Lakini tuliisoma darasani, tukaifanyia mtihani, tena katika nchi ambayo watu wenye ualbino wamewindwa na kuuawa kweli. Hakuna aliyesema inawatisha watoto. Walituambia inafundisha, na kweli ilifundisha.

Halafu kuna kubwa lao, Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi. Ilitoka mwaka 1971. Rosa ni binti wa Namagondo, Ukerewe, huko huko alikozaliwa mwandishi mwenyewe. Baba yake, Zakaria, anambana asimsogelee mvulana, na kwa sababu ya barua tu anampiga vibaya sana. Binti anafika shule ya mbali hajui chochote kuhusu wanaume isipokuwa woga, na woga ukimwisha anaanguka: wanaume wakubwa wenye vyeo, mimba, kutoa mimba. Mwishoni mwanaume aliyekuwa tayari kumuoa anamkataa, na Rosa anajiua. Kitabu kilipigwa marufuku mashuleni kwa sababu ya mambo hayo. Baadaye kikaruhusiwa, wanafunzi wakakisoma, na Kezilahabi alipofariki Januari 2020 nchi nzima ilimlilia kama mmoja wa waandishi wetu wakubwa.

Sasa shika kitu kimoja hapa. Rosa Mistika ilifungiwa kwa madai kwamba itawaharibu wasichana, wakati hadithi yenyewe inasema msichana aliharibika kwa sababu HAKUAMBIWA KITU. Na Kilio Chetu, ile tamthilia ya Medical Aid Foundation inayosomwa sekondari, inasema hilo hilo wazi wazi. Mama yake Suzi hataki mtoto afundishwe mambo ya uzazi, Suzi anapata mimba. Anna ambaye baba yake alimweleza anapona. Tumefaulu mitihani kwa kuandika majibu hayo, halafu tukirudi nyumbani tunaficha vitabu.

DUNIA KATILI SIO YA KESHO, IPO HAPA

Mtoto wa Ulaya akisoma Matched anatetemeka: yaani kuna nchi ambayo wakubwa watamchagulia binti wa miaka 17 mume? Anaiona ni ndoto mbaya ya miaka mia ijayo. Binti wa Katavi akisoma hapo anakutana na jirani yake.

Twende kwenye takwimu. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba Katavi ndo ulikuwa mkoa wa kwanza Tanzania kwa wasichana wa miaka 15 hadi 19 ambao wameshazaa au wana mimba ya kwanza: asilimia 45. Karibu nusu! Wastani wa taifa ulikuwa 27. Utafiti wa mwaka 2022 wastani wa taifa ulishuka mpaka 22 na Songwe ndo ikaongoza, lakini Katavi yetu bado ilikuwa kwenye kundi la juu.

Na sheria? Sheria ya Ndoa ilipitishwa mwaka 1971, mwaka ule ule ilipotoka Rosa Mistika. Iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya mzazi, wakati mvulana ni mpaka 18. Mahakama inaweza kuruhusu hata akiwa na 14. Mwanasheria Rebeca Gyumi akaenda mahakamani, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ikasema vifungu hivyo ni kinyume na Katiba. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikampa ushindi Gyumi na kuipa serikali mwaka mmoja irekebishe. Mwaka ule ukapita, sheria haijarekebishwa. Upande wa shule, marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayemuoa au kumpa mimba mwanafunzi, na Novemba 2021 serikali ikatangaza kwamba mabinti walioacha shule kwa mimba wanaweza kurudi.

Ngoja niwaambie kitu ambacho huwa sikisemi. Tukiwa fomu tu kulikuwa na binti anakaa dawati la mbele yangu. Kichwa kizuri, hasa Kiingereza. Tulifunga shule Juni, tulipofungua hakurudi. Tukasikia ameolewa huko kwenye vijiji vya tumbaku, ng'ombe zimeshafika kwao. Mwaka uliofuata tukiwa fomu three tukaanza kusoma Three Suitors: One Husband ya Mkameruni Guillaume Oyono-Mbia, tamthilia ya Juliette, binti msomi ambaye ukoo wake unapokea mahari kwa wanaume wasiojulikana kwake, na yeye anasimama mbele ya wazee kuuliza kwa nini anauzwa. Darasa zima tulikuwa tunacheka, maana inachekesha kweli. Mimi nilikuwa naangalia lile dawati. Kitabu kilichokuwa kinamhusu yeye kuliko sisi wote kilikuja akiwa ameshaondoka.

Kwa hiyo mtu akiniambia "bado mdogo, asubiri umri ufike", namuelewa, lakini namuuliza: umri ufike wa nini? Wa kusoma au wa kuolewa? Kwa maana hapa kwetu hicho cha pili huwa hakisubiri.

SUMU HASA IKO WAPI

Msije mkafikiri navitetea vyote. Kuna kitu kwenye hivi vitabu kinanitia wasiwasi, na sio damu. Mtoto wa miaka 14 anajua kuua ni kubaya, akisoma Katniss anashika upinde hataondoka kwenda kumchoma jirani mshale. Sumu ninayoiogopa ni tamu.

Ni ile ya MVULANA MWOKOZI. Vingi vya aina hii vina mvulana wa mtindo mmoja: amezidi umri kidogo, mkimya, ana nguvu, hatari kwa watu wote ila kwa huyu binti mmoja tu. Anatokea wakati dunia inaporomoka, anamshika mkono, wanakimbia. Msomaji anafunga kitabu akiamini shida zikizidi kuna mtu atakuja.

Sasa mpelekee hadithi hiyo binti aliyepanga gheto peke yake kwa sababu shule iko mbali na kwao. Unga unaisha Jumatano. Njia ya shule ni ndefu. Na kweli mtu anatokea! Ana pikipiki, anatoa lifti, ananunua chipsi mayai, mkimya, amezidi umri kidogo. Sisemi bodaboda wote ndo walivyo, wengine ni kaka zetu wanaotafuta riziki kwa jasho. Nasema kwamba binti huyo hajasoma popote namna ya kutofautisha anayemsaidia na anayemnunua, na kitabu kimeshamwambia mwokozi huwa anafanana vile.

Hapo ndo The Hunger Games inapotofautiana na wenzake, na ndo maana sikumnyang'anya dogo. Ndani ya ule uwanja, Katniss na Peeta wanapewa msaada na matajiri wanaoangalia TV. Mshauri wao anataka wacheze mapenzi ili matajiri waguswe. Binti anambusu mwenzake aliyejeruhiwa, na kikopo cha supu kinashushwa kutoka juu. Anaelewa mara moja: busu, supu. Kuanzia hapo hajui tena kipi anakihisi kweli na kipi anakiigiza kwa sababu ya njaa. Jamani, nionyesheni somo lolote la stadi za maisha lililoieleza gheto vizuri kuliko hivyo! Hakuna tusi, hakuna kitanda, lakini binti wa miaka 14 akilisoma hilo akaelewa, siku chipsi ikija atajiuliza mara mbili.

VIPIMO VYANGU

Filamu zina bodi inayopanga umri wa watazamaji. Vitabu vya shule vinapitiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Riwaya anayoazimwa mtoto na rafiki yake haina alama yoyote, kwa hiyo kazi ni ya kwetu kaka, dada, mama wadogo. Mimi natumia maswali haya matatu.

La kwanza, je, anayeumia kwenye hadithi anaonekana kuumia? Kitabu kikiua watu 20 na hakuna anayelia, hicho kibaya. Mtoto mmoja akifa na kitabu kizima kikatikisika, hicho kinafundisha thamani ya mtu. Mapenzi vile vile: je, tunaona nani anabaki na mzigo?

La pili, je, binti anachagua au anachukuliwa? Kama mvulana anafuatilia, anakasirika, anafungia, na kitabu kinayaita hayo mapenzi, mwambie dogo wazi kwamba hapo mwandishi kachemka. Wivu wa ngumi sio mapenzi hata uandikwe Kiingereza cha namna gani.

La tatu, je, kuna mtu mzima wa kuongea naye akimaliza? Hili linashinda mengine yote. Rosa Mistika sitampa mtoto wa fomu wani aende nayo chumbani peke yake, kwa sababu mwisho wake ni binti kujiua, na mtoto mwenye mzigo wake wa siri anaweza kubaki na giza lile. Lakini mtu wa fomu faivu, au hata wa fomu foo akiwa na dada yake pembeni wa kusema "tuongee hii", asome. Takadini na Kilio Chetu, mimi naona hata fomu tu wanaziweza, wasisubiri mtihani. The Hunger Games, miaka 13 au 14 kwenda juu, kwa sharti la hilo swali la tatu.

Na wazazi wenye hofu ya watoto kubishana na wakubwa, naomba niwaulize kwa heshima: mtoto anayesema "hapana" kwa mkubwa anayemvutia gizani, amekosa adabu?

SWALI LA MAMA MDOGO

Turudi kwenye maharage. Nilipomaliza kumsimulia, mama mdogo akanyamaza muda mrefu. Nilitegemea aulize kuhusu mauaji. Akaniuliza hivi:

"Sasa huyo binti, mama yake yuko wapi?"

Nikamweleza. Mama yupo, ila baba wa watoto alipokufa kwenye mlipuko mgodini, yule mama alizama kwenye huzuni akawa yupo kama hayupo. Katniss akiwa na miaka 11 ndo akaanza kuilisha familia kwa kuwinda.

"Ndo hapo sasa," akasema. "Hayo mengine yote yameanzia hapo." Halafu, bila kuniangalia, "Mimi niliolewa na miaka 15. Mama yangu alikuwepo. Hakuna aliyeniuliza, na yeye hakusema kitu. Sio kwamba hakunipenda."

Dogo alikuwa bado amesimama mlangoni. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kuyasikia.

Mama mdogo akakichukua kile kitabu, akakifuta vumbi kwa kanga, akamrudishia kwa sharti moja: kila jioni baada ya chakula akisome kwa sauti na kutafsiri, mama asikie kila kitu, asiruke hata busu. Kwa hiyo sasa hivi pale nyumbani kila jioni kuna darasa la Kiingereza na la mambo mengine ambayo hayajawahi kuzungumzwa chini ya lile bati. Dogo akikwama neno, wananipigia.

Juzi wamenipigia. Wamefika pale kwa Rue, katoto ka miaka 12 kanakoungana na Katniss uwanjani. Mama mdogo ndo alishika simu mwenyewe, hata salamu hakusubiri: "Niambie kweli mwanangu, haka katoto katapona?"

Nimekataa kumwambia. Wasome wafike wenyewe.

Wadau, wewe ulipokuwa na miaka 14 ulisoma nini, na nani alikuwepo wa kuongea naye? Mwageni maoni hapo chini, matusi tafadhali hapana, kuna madogo wanasoma.

Nawasilisha.